Nilimtengenezea bibi chumba cha kuugulia kinachotazama bahari, wifi yangu akaja kutoboa ukuta wa upande wa jikoni

Wakuu, salaam kwenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama humu mmebaki wengi.

Juzi kuna mdau aliomba ushauri. Anataka kujenga hospice, nyumba ya kuwatunza wagonjwa ambao hospitali imefika mwisho wa uwezo wake. Akaweka na ramani: bustani, maua, bwawa la samaki. Watu wakamsifia sana.

Mimi ramani ile ilinichoma, kwa sababu chumba kama hicho niliwahi kukichora mwenyewe.

Ninayoandika ni kweli tupu. Anayeona ni chai na anywe, ila asiseme nimezidisha sukari.

Ni Bagamoyo, Dunda, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, shule nimeishia darasa la nne. Mambo ya kuchora nyumba nilijifundisha kwa magazeti ya kigeni ambayo mwenye duka alikuwa akifungia sukari. Nikinunua, namwomba anifungie kwenye karatasi yenye picha ya jengo. Nyumbani naikunjua, nainyoosha, nanakili sakafuni kwa mkaa.

Na nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Mkeka ukikaa upande, siwezi kula. Watu walikuwa wananicheka, nami najua wananicheka, lakini naamka naunyoosha.

Bibi mzaa baba ndiye aliyenilea. Alikuwa akiniita "mke mwenzangu", utani wa bibi na mjukuu wake kama mnavyoujua, maana mimi ni mke mdogo wa marehemu babu. Wajukuu wengine aliwaita kwa majina yao. Jina hilo lilikuwa langu peke yangu, na nililitunza kama dhahabu.

Bibi akaota uvimbe tumboni. Akapelekwa Dar, akarudishwa. Daktari alimwambia kaka yangu Shabani, "Mkampe raha nyumbani."

Nikasema raha hiyo nitaijenga mimi.

Kwenye karatasi moja ya sukari kulikuwa na picha ya nyumba ya wagonjwa ya Ulaya. Kitanda, mbele yake dirisha kubwa, nje bustani na maji. Nikainakili vile vile. Tukachagua chumba cha mashariki, kaka akapanua dirisha, kitanda tukakiweka miguu ielekee dirishani. Bibi akifumbua macho anaona asumini na mawaridi, na bahari nyuma ya minazi. Maua niliyapanda kwa kamba, mistari imenyooka kama safu ya swala. Kuta nilipaka chokaa mara tatu, maana mara mbili za kwanza niliona mabaka ambayo hakuna mwingine aliyeyaona.

Majirani walikuja kumjulia hali mgonjwa, wakaishia kulisifu dirisha. Kichwa kilinivimba, sifichi.

Baada ya siku chache bibi akasema, "Nigeuzeni. Nataka nilale kibla."

Wazee wetu wengi wakihisi safari imekaribia hawataki kulala ovyo. Wanalalia ubavu wa kulia, uso kibla. Na kibla chetu kiko kaskazini. Tukamgeuza, kichwa kikaja mashariki.

Dirisha langu likawa kisogoni mwake. Mbele ya uso ukabaki ukuta.

Mimi mtoto wa Kiislamu, nimesoma chuo cha Kurani, naswali chumba hicho hicho, halafu nimenakili picha ya watu wasiolalia kibla! Na hata baada ya kumgeuza sikuliona kosa. Nilichokiona ni kwamba bibi amelipa dirisha langu kisogo. Nikanuna, nikaenda kupalilia mawaridi.

Sasa huyu wifi yangu, Zuhura. Mke wa Shabani, katoka Pangani, ndoa haijatimiza mwaka. Sikumpenda. Anafagia nusu ya ua, nusu anaiacha ijifagie. Mrehani wake kaupanda kwenye makopo ya maziwa yenye kutu, kayabwaga nyuma karibu na jiko, moja huku, moja kule. Kazi yake kwa bibi ilikuwa kumkanda miguu, na akichoka anajilaza pembeni yake. Mvivu, nikawa nasema moyoni.

Adhuhuri moja natoka sokoni, nakuta kaka ameshika panga anakata fito za ukuta wa kaskazini. Udongo umemwagika sakafuni, chokaa yangu imebanduka.

"Kaka, umerogwa?"

"Muulize wifi yako."

Zuhura akajipangusa mikono. "Wifi, umewahi kulala pale anapolala bibi?"

"Nilale mchana mimi? Mimi nina kazi."

"Basi mimi mvivu nimelala. Sikuona kitu ila weupe. Mtu hajafa, mmeshamtandikia sanda machoni?"



Tundu likatoka, limepinda, kubwa kama sinia, usawa wa kitanda. Likafungua kule nilikokuwa nakuficha wageni wasikuone: jiko, mpapai, makopo ya mrehani, kuku, na mtungi unaovuja ambapo chiriku walikuja kunywa.

Bibi akacheka. Hakuwa amecheka tangu arudi kutoka Dar.

"Mtazameni jogoo yule, anavyojidai utadhani babu yenu siku ya Idi!"

Kisha akamshika Zuhura mkono. "Ahsante, mke mwenzangu."

Wakuu, niliondoka pale.

Kwa mila alikuwa na haki na jina hilo. Shabani ni "mume" wa bibi kwa utani, basi mkewe ni mke mwenza. Lakini wivu hausikii hoja. Ulinikaa kifuani kama kiungulia. Nikisikia kicheko chumbani, mwiko unaniponyoka. Niliutazama ule mrehani nikatamani ukauke.

Mwisho nikashindwa, nikamwendea bibi tukiwa wawili.

"Bibi, chumba changu kina kasoro gani?"

"Hakina."

"Mbona basi unampenda wifi kuliko mimi?"

"Wewe mbona sikuoni? Kutwa uko kisogoni kwangu na mawaridi yako. Njoo ninakotazama."

Basi nikahamisha mbuzi ya kukunia nazi, nikahamisha ungo wa mchele, nikakaa chini ya mpapai mbele ya lile tundu. Kazi zangu zote zikawa pale.

"Mke mwenzangu mkubwa!" bibi ananiita kwa ndani. "Unakuna nazi au unaichonga?"

"Anaipima kwanza, bibi," Zuhura anadakia.

Nilicheka. Kwa shingo upande, lakini nilicheka.

Bibi alifariki asubuhi, jua limepanda, mimi nakuna nazi. Zuhura ndiye aliyekuwa kitandani, amemshika mkono, anamtamkisha shahada. Nilimwona akiinua uso tunduni, nikajua.

Na mnisamehe, hata siku hiyo nilimwonea wivu. Mkono ule ulikuwa haki yangu.

Baada ya arobaini tulikuwa tunaosha masufuria ya hitima, Zuhura akasema bila kunitazama, "Wifi, nina donge na wewe. Mkono nilimshika mimi, lakini macho alikupa wewe. Aliniambia nisogee, namkinga."

Ndugu mwenye ramani, bustani usiitoe. Ila kabla hujamwaga zege, tandika mkeka pale kitakapokaa kila kitanda, ulale kama mgonjwa atakavyolala. Uliza analalia ubavu gani na anaswali kuelekea wapi. Kuku na jiko usivifiche. Na uache mahali ambapo ndugu atakaa na kazi yake, machoni pa mgonjwa.

Zuhura yu hai. Tunaishi naye kiwanja kile kile, nyumba sasa ni ya matofali. Tundu tulilirudisha, nimelipima mimi, limenyooka. Yeye anasema lile lililopinda lilikuwa na upepo zaidi.

Kitanda kipo tayari. Tunachobishania hadi leo ni nani atalala hapo kwanza, na nani atabaki nje akune nazi.

Mliowahi kuuguza nyumbani, naomba mniambie: mgonjwa wenu alikuwa anatazama nini?