Sampuli ya Sikudhani

Mtu akifa hapa Ilongero, hatuulizi nani atatangaza. Sikudhani anapanda nyuma ya bodaboda ya Paschal na kipaza sauti chake, anazunguka vitongoji: "Ndugu zangu, wekeni majembe chini." Ukisikia hivyo unaacha kulima, unasubiri jina la marehemu. Halipwi, wala hajawahi kudai. Kwetu kudai hela kwenye msiba ni aibu.

Mwaka jana akaona tangazo la kazi kwenye kundi la WhatsApp. Inatafutwa sauti ya mwanamke kwa matangazo ya biashara, uzoefu si lazima, tuma sampuli, malipo mazuri, tutaelewana. Nilimwambia, "Dada, hiyo 'tutaelewana' siipendi. Uliza bei kwanza." Akaniangalia kama nimemtukana. Sauti yake haikuwahi kuwa na bei, angeanzia wapi?

Wakamwomba aite watu kama anavyowaita kijijini. Akajifungia chumbani, akafukuza kuku dirishani, akarekodi mpaka koo likakauka. Walimjibu, "Asante, tutakutafuta."

Nani amtafute! Msimu wa kupanda ulipofika, gari la wauza mbegu za alizeti likaingia mnadani likipaza kwa sauti ya Sikudhani: "Ndugu zangu, wekeni majembe chini." Kina mama wakashika vifua. Kisha sauti ya mwanamume ikataja bei ya mbegu. Watu wakasonya, wengine wakacheka. Sikudhani akatoa simu palepale. Akampigia yule aliyepokea sampuli.

"Mama, yale yalikuwa majaribio," jamaa akasema. "Majaribio hayalipwi. Ukipenda, tuma nyingine ya Kinyaturu."

Tangu hapo hakutulia. Anafagia nusu ya uwanja, anaacha, anakwenda barabarani kusikiliza kama gari linakuja. Na lilikuja, mnadani na hata vitongojini. Alilisimamisha mara moja. Dereva akamwambia yeye ametumwa tu. Mwanzoni tulikuwa tukiacha kulima kila tukiisikia sauti ile. Baadaye tukazoea, na mimi nikiwemo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Juzi, katikati ya palizi, mzee Shabani Njiku akafariki alfajiri. Maziko alasiri, kama ilivyo kwa Waislamu. Sikudhani akazunguka na Paschal asubuhi yote, lakini mashambani watu waliendelea kupalilia. Alipoona hivyo akashuka, akaanza kwenda kwa miguu, shamba kwa shamba, akimwambia kila mtu usoni. Kitongoji ni kikubwa na miguu ni miwili.

Shamba la mwisho lilikuwa la mzee Antipasi, aliyechunga ng'ombe na Shabani tangu utotoni. Alimkuta bado anapalilia, jua limeshainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Akamwambia. Mzee akaweka jembe chini.

"Nilikusikia asubuhi," akasema. "Nikasema ni wale wa mbegu." Akajipangusa uso kwa kiganja chenye udongo. "Wameshamzika?"

"Wameshamzika, baba."