Kijiti Nilichokitupa Bidbid

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiitaja kidole gumba changu cha kulia huanza kuniwasha. Nilikuwa nimeamua kufa nayo moyoni. Lakini juzi umeniletea picha kwenye simu: uko soko la Nizwa, umenunua gobori la kale, umeegemeza kidevu chako juu ya mdomo wake na unacheka. Kikombe cha kahawa kilinitoka mkononi. Sikukujibu siku ile. Sasa nisikilize babu yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na ushei, nina kazi ya ofisi hapa Ibra, nina mke, nina mtoto mmoja wa miaka mitatu ambaye ndiye mama yako, na nina kichwa kikubwa. Asubuhi nilikuwa mtu wa mafaili, alasiri nilikuwa fundi. Nilishona ala za majambia na mikanda ya risasi kwa ngozi ya mbuzi, si kwa kuuza, kwa raha ya nafsi yangu tu. Ukutani nilikuwa na visu kumi na kimoja vya kale. Bunduki sikuwa nayo, na kwa mtu wa raghba ile, ya kupenda silaha za kale, nyumba bila bunduki ilikuwa haijatimia.

Na kulikuwa na jingine, ambalo nyinyi vijana wa leo hamlijui vizuri. Sisi tuliokuja kutoka Unguja tulichekwa kwa Kiarabu chetu. Tulikuwa Waomani, lakini kila siku tulitakiwa tuthibitishe. Mimi nilithibitisha kwa jambia kiunoni na visu ukutani.

Basi Ijumaa ile nikaenda Nizwa, nikaliona gobori la utambi, mtutu mrefu, kitako kimevalishwa fedha. Muuzaji alikuwa mzee fundi wa majambia, aliyewahi kuuza dukani Pemba ujanani mwake, na Kiswahili chake, tofauti na bidhaa zake, hakikuwa na kutu. Alinifungia gobori kwa gunia, halafu akanipa kijiti cha kuti la mtende, kirefu sawa na mtutu.

"Kipimo hichi," alisema. "Kitie mdomoni mpaka kigote ndani, utie alama kinapotokea. Kisha kitoe, ukilaze juu ya mtutu kwa nje. Alama ikiwa mdomoni na ncha ikafika kwenye tundu la moto, hili la kuwashia baruti, ndani hamna kitu. Ncha isipofika, yakhe, basi bado imeshiba baruti. Usiiguse, niletee."

Maneno mepesi, hata mtoto angeyashika. Lakini pembeni walikuwa wamesimama vijana wa mji, wananitazama, mmoja anatabasamu. Sikutaka waone mtu wa Zinjibar anafundishwa kutumia kijiti. Nikasema, "Najua, mzee, najua," na wala sikuwa najua. Hata nusu ya maneno yake sikuyatia akilini.

Nilipofika Bidbid, pale njia ya Ibra inapochepuka, nikasimama kutia mafuta. Kijiti kilikuwa kinanichoma begani njia nzima. Nikakitoa dirishani, nikakitupa. Mdharau mwiba mguu huota tende, mwanangu, na mimi yangu ilianza kuota pale pale petroli steshini.

Nyumbani palikuwa kimya. Bibi yako alikuwa amekwenda kwao Sur wiki ile, akaniachia mama yako na mama yangu mzazi. Baada ya swala ya alasiri nikatandika mkeka ukumbini, nikaweka zana zangu karibu na jiko dogo la mkaa la kahawa. Mama yangu alikuwa amekaa upande wa pili, ameegemea mto ukutani, anavuta tasbihi. Nililaza gobori mapajani. Mdomo wake ulielekea kwenye ule mto. Sikuliona hilo, kwa sababu sikutazama.

Tundu la moto lilikuwa limezibwa kwa nta ngumu, nyeusi kwa uzee. Mtu mwenye akili angejiuliza nani huyo aliyejihangaisha kuziba tundu la bunduki tupu, na anahifadhi nini. Mimi niliona uchafu. Nikautia msharasi motoni, kama nilivyozoea ninapotoboa ngozi, nikasubiri uwe mwekundu. Mama akanusa kitu, akasema, "Wali huo, usije ukaungua," akainuka kwenda jikoni, mama yako nyuma yake.

Nikauchomeka msharasi tunduni.

Mlio sikuusikia, nasema kweli. Niliona moshi umejaa ukumbi, na kidole changu kimepasuka, na gobori limerukia ukuta wa nyuma yangu. Moshi ulipopungua nikauona ule mto. Ulikuwa na tundu ambalo ngumi yangu ingepita, pamba zimetawanyika mkekani, na chokaa ya ukuta imeporomoka. Tasbihi ilikuwa hapo hapo, alipoiacha. Baruti iliyotiwa na mtu aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa ilikuwa imekaa mle ndani miaka yote hiyo, inamngojea mpumbavu mmoja.

Nikakimbilia jikoni. Mama yangu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni nyuma ya gunia la mchele. Mama yako alikuwa chini yake, amezibwa mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka. Nilidhani wamepigwa wote wawili. Halafu nikamsikia mama ananong'ona.

"Usilie, mwanangu. Wakitusikia wataingia."

"Mama, ni mimi," nikasema. "Mimi Saidi."

Hakunitazama. "Wangapi?" aliniuliza. "Mlangoni wako wangapi?"

Nilitoka Unguja baada ya mapinduzi nikiwa wa kubebwa. Maisha yangu yote mama alinisimulia habari za Idi, za halua, za mashoga zake aliosoma nao chuo cha Kurani. Neno moja juu ya siku zile za mwisho hakuwahi kulitamka, na mimi nikadhani hakuna la kutamkwa. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nilikuwa nikiujua msemo huo tangu utotoni, na siku ile niliuelewa: mlio ule ulikuwa umemrudisha mama Unguja, anamficha mtoto wake. Wali uliungua mpaka ukawa mkaa kabla sijaweza kumwinua.

Ijumaa iliyofuata nilirudi Nizwa, mkono umefungwa kitambaa. Nilimweleza mzee yote, nikitaraji anionee huruma. Alinimiminia kahawa, akaniuliza jambo moja tu: "Kijiti kiko wapi?"

"Nimekitupa Bidbid."

Aliinuka. Kisha akachukua kijiti kingine, akazipima mbele yangu bunduki zote za dukani, moja moja, hata ile yake mwenyewe aliyoirithi kwa babake.

"Hii naijua miaka arubaini," alisema, "na kila nikiishika naipima. Wewe bunduki haikukukosea kitu, ya waladi, mwanangu. Umeona haya kuonekana hujui, ukaja kumlipisha mamako haya zako."

Nililia mbele ya wale wale vijana, na sikujali tena nani ananitazama.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakunilaumu hata mara moja, jambo ambalo lilikuwa zito zaidi. Ila tangu siku ile, kila alipoingia ukumbini, kabla hajaketi aliniuliza kwa upole, "Saidi, imeelekea wapi?" Hata nilipokuwa sina bunduki yoyote ndani ya nyumba aliuliza. Nami nilimjibu kila mara, "Haikuelekea kwako, mama. Kaa."

Mtazame na mama yako harusini, bunduki zinapopigwa juu. Anajiziba mdomo kwa kiganja. Ukimuuliza, atakwambia ni mazoea tu, hajui yametoka wapi. Mimi najua.

Sikukatazi raghba yako, mwanangu, kwani ni yangu hiyo, na ala ulizoshona mwaka huu ni nzuri kuliko zangu. Lakini gobori hilo usilisafishe, usilitie moto, usipige nalo picha. Lilaze mdomo ukielekea pasipo mtu, uje unichukue, twende nalo pamoja kwa fundi, na kijiti nitakuja nacho mimi. Chombo cha kale kichukulie kuwa kina uhai mpaka kikuoneshe vingine. Mtu mzima akikuonesha kitu mbele za watu, mwambie, "Sijui, nioneshe tena." Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wangu, wa kusema najua.

Mwenyezi Mungu akupe mikono ya ufundi na masikio ya kusikia. Akuepushe na kishindo kisichoweza kurudishwa. Na siku utakayokuwa na nyumba yako, wanawake wa nyumba hiyo waingie na wakae, pasiwe na hata mmoja wa kuuliza imeelekea wapi.