Nukta Asiyoiona Drahomira

Mara ya kwanza Drahomira kuingia chumba cha chini cha jengo lao, alishuka kwenda kugombana. Alikuwa amestaafu mwaka ule, anakaa ghorofa ya pili, na kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana sakafu yake ilikuwa ikivuma kama nyuki waliofungiwa chunguni. Akavaa kandambili, akashuka ngazi arobaini na mbili, mwiko bado uko mkononi. Chini akawakuta watu sita, wazee na vijana, wamekaa mbele ya kompyuta, kila mmoja ana mpini wa kuendeshea na pedali miguuni, wanadunguana angani kwa ndege za vita vya zamani.

"Nani mkubwa hapa?" akauliza.

"Mkubwa amekufa sasa hivi," alijibu Alois, fundi umeme wa mgodini aliyestaafu, maana ndiye aliyekuwa amedunguliwa. "Ngoja afufuke."

Drahomira akawaambia kwamba yeye ameendesha kreni ya kiwanda cha chuma miaka thelathini na moja, amebeba ndoo za chuma cha moto juu ya vichwa vya watu na hakummwagia mtu hata tone, na hajapata kuona wanaume wazima wakipiga kelele namna hii kwa kazi isiyokuwepo. Alois akampisha kiti. "Basi kaa, dada, tuone." Akakaa. Wiki ya tatu akamdungua Alois. Hayo yalikuwa miaka tisa iliyopita, na ule mwiko wa siku ya kwanza, nasikia, hakuurudia mpaka jioni.

Mimi hupita mitaa ya mji huu wa Ostrava nikinoa visu na mikasi, na siku ya Alhamisi miguu yangu ilikuwa ikijua yenyewe jengo lile, kwa sababu Drahomira hakuwa mtu wa kukuacha uondoke bila supu ya vitunguu saumu. Baada ya supu tulishuka wote. Mpini sijaugusa hata siku moja, lakini mtu akikaa karibu na waashi miaka tisa, atajua angalau ukuta uliopinda.

Ndege yake ilikuwa moja ya Kimarekani, nene, nzito, ambayo hata marubani wa zamani waliiita Mtungi. Wengine walimcheka kuichagua. Ndege nyepesi, hasa zile za Kijapani, huuzunguka Mtungi kama nzi azungukavyo maziwa, na ukijaribu kuzunguka nazo umekwisha: mizunguko miwili tu, wewe umepoteza mwendo, yeye yuko mgongoni kwako. Lakini Drahomira alikuwa mtu wa kreni, na mtu wa kreni hana haraka. Alipanda juu kwanza. Akitoka juu anashuka kama mwewe, anapiga mara moja, akipata akikosa, anapitiliza moja kwa moja. Hageuki. Yule mwepesi anajikunjakunja nyuma, anamwita, anamtukana, yeye anakwenda zake mpaka mwenzake amekuwa nukta kwenye kioo, ndogo kama mbegu ya haradali. Hapo ndipo anageuka, taratibu, anapanda tena, na anarudi. Aliniambia siri yote iko kwenye umbali. "Mwepesi anataka nimkaribie, mnoaji. Mimi namnyima."

Pale chini kulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, katika pambano la wawili, wakikutana uso kwa uso mara ya kwanza wanapishana bila kupiga. Hiyo ni salamu. Ya pili, aliyedunguliwa husimama mbele ya wote na kusimulia kifo chake kwa mikono. Mkono wa kulia ni ndege yake, wa kushoto ni ya adui, na anaonyesha: nilikuwa hapa, akawa hapa, nikafanya kosa hili. Hakuna kubishana, hakuna kulaumu mashine. Alois alisema mgodini walifanya vivyo hivyo kila baada ya ajali, na ndiyo maana yeye bado ana vidole kumi.

Mwaka jana majira ya kuchipua akaja Radovan, dereva wa tramu, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye meno mazuri na mdomo usiotulia. Alirusha ndege nyepesi ya Kijapani, na aliirusha kama aliyezaliwa ndani yake.

"Mama, leo umekuja na mtungi mtupu au una maji?" alimtania.

"Una maji ya kukuogesha, mwanangu. Tramu yako umeiacha wapi?"

"Imekufa njaa ikisubiri ugeuke!"

Wakati ule timu ya watu wanne ilikuwa ikitafutwa, ya kupambana mwezi wa kumi na Wapolandi wa ng'ambo ya mpaka. Drahomira alikuwa na kiti cha kwanza miaka saba mfululizo. Lakini sheria ya chumba ilikuwa wazi: ukidunguliwa na mtu mmoja Alhamisi tatu mfululizo, kiti chako cha timu ni chake. Na kile kiti, niseme ukweli, ndicho kilichokuwa kimebaki. Mume alikwisha kufa, mwana yuko mbali na hupiga simu sikukuu ya Krismasi, kiwanda kimezimwa na kugeuzwa mahali pa watalii kupiga picha. Siku nyingine sita za wiki alizikaa akiingoja ile moja.

Alhamisi ya kwanza Radovan alimdungua. Nilishangaa, kwa sababu Drahomira, baada ya salamu, aligeuka papo hapo na kuanza kuzunguka naye. Kosa la mtu wa juzi! Akasimama, akanyanyua mikono yake mipana, akasema, "Nilizunguka naye. Ujinga wangu." Watu wakacheka kwa upendo.

Alhamisi ya pili akafanya lile lile. Safari hii hakuna aliyecheka. Alois alikasirika hasa.

"Dada, wewe ndiye uliyetufundisha! Mtungi hauzunguki! Unampa nini huyu mtoto, posa?"

"Nilisahau," akasema Drahomira, mikono bado iko hewani.

Nikapanda naye kwake kuchukua mikasi. Akanimiminia kahawa. Aliimimina vizuri, bila kutetemeka, kando ya kikombe, mezani. Akaendelea kumimina mpaka nikamshika mkono.

Akakaa. Kisha akasema, "Nikikutazama usoni, huna uso. Nikitazama sikio lako, uso unarudi kidogo."

Alikuwa akienda kwa daktari tangu wakati wa baridi. Katikati ya macho pamechakaa, la kushoto lilianza, la kulia linalifuata. Pembeni patabaki. Wanamchoma sindano ya jicho ili liende polepole, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. Hapo nikaelewa, na afadhali nisingeelewa. Mwenye ndege nzito anaishi kwa umbali, na umbali ndiyo nukta, na nukta ndiyo hiyo asiyoiona tena. Akimwachia yule mwepesi aende mbali, amempoteza angani. Ndiyo maana alizunguka naye. Karibu, ndege ilikuwa kubwa kiasi cha kuonekana hata na kona ya jicho. Alikuwa anajua kabisa kwamba anakwenda kufa, lakini pale ndipo palipokuwa na mwanga.

"Waambie," nikasema. "Si wanaweza kuweka majina juu ya ndege? Yale maandishi makubwa?"

"Wapolandi hawayaweki. Na Alois ataniwekea, unamjua. Kila mtu ataniwekea. Halafu watakuwa wananiachia nishinde." Akafuta kahawa kwa upande wa aproni, akaacha nusu. "Usimwambie mtu."

Nikaahidi. Nikafanya na upumbavu mwingine: nikajitolea kuwa macho yake. Jumatatu ile tulishuka wawili peke yetu, akawasha mashine ipambane naye, mimi nikakaa begani pake.

"Yuko wapi?"

"Yuko pale."

"Pale ni wapi, mnoaji!"

"Juu. Kushoto. Hapana, ameshuka. Sasa... alikuwa chini ya kile chuma."

"Chuma gani?"

"Hicho cha bawa! Kumbe si yeye, ni uchafu wa kioo."

Tukadunguliwa mara tano. Mara ya sita akacheka mpaka akashika ubavu, nami nikacheka, na katikati ya kucheka nikaona machozi yake si ya kicheko peke yake. Maneno yangu yalikuwa yakifika baada ya ndege kupita. Kuona ni jambo moja, kusema ulichokiona ni kazi nyingine, na mimi kazi hiyo sikuwahi kujifunza.

Alhamisi ya tatu chumba kilijaa. Mtu alileta keki za mbegu za mpopi, zikaliwa mapema kwa wasiwasi. Radovan hakutania siku ile. Alimwamkia tu, "Habari za mchana, mama," akakaa mahali pake upande wa pili wa meza. Mimi nilisimama nyuma ya Drahomira, mahali pangu pa siku zote. Wakati wa pambano anayetazama hafungui mdomo. Hilo linajulikana hata na paka wa jengo.

Wakapishana kwa salamu. Nikangoja ageuke. Hakugeuka.

Alipitiliza. Alikwenda moja kwa moja kama zamani, mwendo mzuri, akapanda, akapanda, na Alois akanigusa kiwiko kwa furaha, maana aliona Drahomira wake amerudi. Umbali ulipotimia akageuza Mtungi taratibu, vizuri kabisa, hata mtu wa kitabu angeuandika mgeuko ule. Kisha akainamisha kichwa upande mmoja, kama kuku anayetazama punje. Akainamisha upande wa pili.

Nukta ilikuwepo. Mimi niliiona. Ilikuwa chini kulia, nyeusi, imetulia juu ya bahari, na ilikuwa inakua. Drahomira akatazama juu. Akatazama kushoto. Ikawa mbegu, ikawa nzi, ikawa na mabawa. Nilikuwa na neno mdomoni, "chini," neno jepesi kuliko yote, na nilikuwa nimeahidi mara mbili, mara moja kwake na mara moja kwa desturi ya chumba. Nikatazama kisogo chake, zile nywele alizozibana kwa kibanio cha kahawia. Yeye aliendelea kuruka, amenyooka, anangoja kitu kimtokee.

Kikatokea kutoka chini ya tumbo la Mtungi, nao ukawaka moto.

Drahomira akavua vile vipokea sauti vya masikioni, akasimama. Akanyanyua mkono wa kulia. "Nilikuwa hapa," akasema. "Nikapanda. Nikageuka hapa." Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa aproni.

Wakangoja.

"Na mimi nilikuwa wapi, mama?" Radovan akauliza kwa upole. Hakuwa akimchokoza. Ndivyo inavyoulizwa.

"Sijui."

"Unasemaje hujui?" Alois akasema. "Onyesha tu pale ulipomwona mara ya mwisho."

"Aliponipita. Tangu hapo sikumwona. Na Alhamisi iliyopita nilijua nikimwacha aende mbali sitamwona. Na ile nyingine." Akamgeukia Alois, akamtazama sikio. "Sikusahau, Alois. Sioni."

Hakuna aliyejua pa kuweka mikono yake. Mmoja akaanza kukusanya sahani za keki ambazo hazikuwa na kitu. Radovan akawa mwekundu mpaka shingoni, akasema hakitaki kiti, hakitaki kwa namna hii, waandike kwamba pambano halikuwepo. Alois akasema lilikuwepo. Kisha akasema labda halikuwepo. Kisha akakaa, akasugua magoti yake. Drahomira mwenyewe ndiye aliyekizunguka kiti, akashika pedali kwa mikono, akazisogeza mbele nafasi mbili.

"Una miguu mirefu," akamwambia Radovan. "Kaa. Wapolandi wana nyepesi tatu. Timu inahitaji Mtungi mmoja, na wewe ndiye utakayeurusha. Ukinyooka watakuogopa."

Akakaa, uso umemvimba kama mtoto aliyeadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Tangu siku ile Drahomira hakushuka. Walimwalika, Alois alipanda mwenyewe, mara nne, amevaa shati safi. Drahomira akasema magoti yanamsumbua. Mezani aliweka maua ili mtu asiangalie madoa ya kahawa.

Siku ya Wapolandi ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, mchana. Hawakuhitaji kuja, kila upande unarusha kutoka kwake, mashine zinaunganishwa. Mimi nilikuwa kwa Drahomira, nanoa kisu cha mkate ambacho hakikuhitaji kunolewa. Sakafu ikaanza kuvuma. Alois alikuwa amefungulia sauti yote, nadhani kwa makusudi.

Drahomira alikuwa anamenya viazi. Akaacha. "Huyo ndiye Mtungi," akasema. Kwangu zote zilikuwa nyuki. Akasikiliza. "Amepanda. Vizuri. Anashuka... amepiga. Nyooka sasa. Nyooka, mwanangu." Kisha akaweka kisu chini. Hata mimi nilisikia: ule uvumi ulianza kuwa mzito, kama mtu anayekokota gari mlimani, na upepo ulikuwa unakatika ndani yake.

"Anageuka," akasema Drahomira. "Wanamwita na anageuka. Mnoaji, nenda! Mwambie anyooke!"

Nikaenda. Sikukumbuka desturi wala ahadi. Ngazi arobaini na mbili si ngazi kwa mtu wa magoti mazuri, lakini mimi nilishika chuma cha pembeni na kuteremka kama gunia, mguu huu ukingojea ule, nikisema "nyooka, nyooka" kwa pumzi yote niliyokuwa nayo ili nisije nikalisahau neno.

Nilipofungua mlango, uvumi wa Mtungi ulikuwa umeshanyamaza. Kwenye kioo cha Radovan kulikuwa na bahari na moshi kidogo. Wote wakanigeukia.

Radovan akavua vile vya masikioni. "Amesemaje?"

"Amesema unyooke."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Mashine za Wapolandi zilikuwa bado zinavuma kwa mbali. Nikafunga mlango taratibu, nikaanza kupanda, ngazi moja na pumziko, ngazi moja na pumziko, kwa sababu juu Drahomira alikuwa anangoja kuniuliza.