Shamba la Walioshiba

Nilipokuwa mtoto kule Tongaren niliamini, na ningeapa hata madhabahuni, kwamba viwavi hawali mahindi ya watu wenye njaa. Ati wananusa. Wakinusa nyumba ya walioshiba, wanaingia shambani. Wakinusa tumbo tupu, wanaona haya, wanaenda kwa jirani. Mama ndiye aliyetuletea habari hiyo kutoka soko la Misikhu, mwaka ambao viwavi walituvamia.

Basi tukafunga. Asubuhi maji, mchana maji, jioni uji mwepesi ambao ungeweza kufulia shati jeupe. Tumbo langu lilinguruma hadi mbwa wa Misikhu wakaitikia. Sisi watoto tulinusana midomo kila tukitoka shule, na aliyenuka kiazi tulimwita adui wa shamba. Viwavi walimaliza mahindi yote. Nikasema si bure, kuna mtu alikula.

Hata hivyo niliithamini njaa ile. Wenzangu walilala njaa ya bure. Yangu ilikuwa na kazi. Ndiyo urithi pekee niliopata. Nikiwa mtu mzima, katika masomo ya jioni mjini Kitale, niliiandikia insha, nikaisoma mbele ya darasa. Nusu ya Trans-Nzoia ililia, na mwalimu akajipangusa macho kwa kifutio cha ubao.

Mwaka huu kazi yangu ya kushona viatu hapa Tuwan, mtaa wa Kitale, imelala kabisa. Mama alikuwa amekuja kutusalimia siku tuliyobaki na unga wa sufuria moja. Nikawakalisha watoto wangu wawili, nikaanza kwa sauti ya mhubiri: "Nyinyi mnajua viwavi wananusa?"

"Wacha hiyo," mama akasema.

"Si ni wewe ulituambia, mama? Watu wa Misikhu..."

"Hakuna mtu wa Misikhu alisema. Nilisema mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Pigia dada yako Bungoma," akasema, "umwombe unga. Mimi niliona haya kuomba, nikawadanganya. Wewe usidanganye hawa."

Simu ilikuwa mkononi, kidole kikakataa. "Lakini ile njaa ilinijenga, mama."

"Ilikujenga wapi, na ulibaki mfupi hivyo?" Akanitazama. "Unga ulikuwa umeisha, baba. Ilikuwa njaa tu."