Mkunga Kutoka Uingereza

Juzi tulimpokea mbunge wa Uingereza kwenye zahanati moja huko Bugwema. Kabla ya siasa alikuwa mkunga, na hadi leo anachofuatilia zaidi bungeni kwao ni afya ya wajawazito. Mshereheshaji alisoma wasifu wake kwa madaha: "Kila Ijumaa anakaa ofisini jimboni kwake. Mwananchi yeyote anaingia, anaeleza shida yake!"

Nje ya turubai, juani, alisimama mjamzito aliyekuja kliniki akakuta imefungwa kwa ajili ya mapokezi. Akapaza sauti: "Na wa kwetu anakaaga wapi?"

Mbunge wetu, kwenye kochi la mbele, akainamia simu. Mgambo akamshika mama yule mkono na kumtoa.

Mgeni akamuuliza mkalimani, "Amesema nini?"

"Anakukaribisha sana, mheshimiwa."

Mgeni akatabasamu, akampungia mkono. Na meza kuu, iliyosikia kila neno, ikapiga makofi!

Niliondoka nimefura. Mkunga katoka Ulaya yote ile aje kuwaona wajawazito wetu, nasi tumemwonyesha mmoja tu, tena mgongo.