Siku Nilipowazika Maprofesa Wawili Wakiwa Hai

Naandika haya nimejifunika mtandio hadi puani, ingawa niko peke yangu chumbani, maana bado kuna watu Bujumbura ambao wakiniona tu wanauliza, "Mwajuma, leo umemzika nani?" nami naharakisha hatua, kwa sababu ni kweli nilizika, tena maprofesa wawili kwa mpigo, mbele ya ukumbi mzima, na wote wawili walikuwa wameketi mstari wa kwanza wakinisikiliza.

Ngoja niende polepole nisimwache mtu nyuma. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, na kazi yangu ni ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na jinsi ya kuwaanika: wakauke juu ya mchanga safi, au juu ya wavu ulioinuliwa? (Usicheke. Kuna watu wamenuniana miaka kwa ajili ya hilo, utaona.) Kwetu hupewi siku ya kutetea tasnifu kama huna makala iliyokubaliwa na jarida la sayansi. Yangu ilikubaliwa nusu: kazi nzuri, waliandika, ila marejeo hayafuati mtindo wetu, yarekebishe. Marejeo, kwa asiyeyajua, ni ile orodha ya mwisho inayosema kila wazo umelitoa kwa nani. Si kazi ngumu hata kidogo, mtu yeyote anaweza kujifunza, inataka subira tu, na subira ndiyo niliyoikosa siku hiyo.

Jarida lilitaka jina la ukoo litangulie, kisha herufi ya kwanza ya jina la mtu mwenyewe. Sasa mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, naitwa Mwajuma Saidi: Mwajuma ni mimi, Saidi ni baba. Nikajiambia, basi, jina la mwisho lipelekwe mbele, kazi imekwisha. Na ile programu ya marejeo ina kitufe cha kugeuza majina yote kwa mara moja. Nilikuwa bado nakikodolea macho pale baba, ambaye ni fundi wa magari na alikuwa uani akisafisha kabureta, aliponiuliza:

"We mutoto, unafanya nini na hiyo mashini tangu asubui?"

"Napanga majina ya watu wenye kuandika, baba."

"Na mi niko ndani?"

"Apana, baba! Humu ni watu wenye kusoma."

"Ah. Basi endelea na wenye kusoma wako," akasema, akarudia kabureta yake, nami nikabonyeza.

Majina ya juu kabisa yalikuwa ya Wazungu, yamekaa sawasawa, nikaridhika, sikusoma zaidi. Nilisahau jambo ambalo kila mtu hapa analijua, hata sisi wa Buyenzi: Warundi wengi hawana jina la ukoo. Kila mtoto anapewa jina lake la Kirundi, ndugu wawili wa tumbo moja kila mmoja na lake, na hilo ndilo linaloandikwa kwanza, la ubatizo linafuata. Kwa hiyo kitufe changu kiliwakusanya wataalamu wote wa nchi kikawaita kwa majina ya ubatizo, kama watoto wa komunyo ya kwanza.

Hapo ndipo wanapoingia Profesa Ndayikeza, mtu wa mchanga, na Profesa Niyungeko, mtu wa wavu. Hawa hawakuwa wakisalimiana. Harusini mmoja akikaa kulia, mwenzake anatafuta kiti cha kushoto. Wote wawili walikuwa kwenye jure yangu, yaani wale wenye kuamua kama nitatetea au nitarudi nyumbani. Na wote wawili (nani kwetu humwita profesa wake kwa jina la ubatizo? Sikuwahi hata kulifikiria) wanaitwa Gaspard. Ndayikeza Gaspard, Niyungeko Gaspard, na waliandika mwaka mmoja. Programu ikaona Gaspard N. na Gaspard N., ikawafanya mtu mmoja mwenye makala mbili za mwaka ule: Gaspard a na Gaspard b.

Siku ya kuisoma makala mbele ya jure nilikuwa nimevaa vizuri, naongea kwa madaha, picha zinapita ukutani nyuma yangu, mpaka nikajisikia nasema, "Gaspard anatuambia mchanga unatosha," halafu, "lakini Gaspard anasema mchanga ni uchafu." Nilijua papo hapo nimefanya nini. Ningesema tu "samahani, nimekosea majina," tungemaliza. Lakini mgeni wetu, profesa kutoka Uvira, ng'ambo kule Kongo, alikuwa ameshainua mkono.

"Mademoiselle, huyu Gaspard ni mutu wa namna gani? Huku anasifu mchanga, huku anautukana. Mwaka ule ule! Alikuwa mugonjwa?"

"Ni mtafiti wa zamani, Profesa," nikasema. (Kwa nini? Sijui mpaka leo.) "Alibadilisha mawazo."

"Ningependa kumuandikia."

"Haitawezekana. Alishafariki."

"Oh, pole. Alikufa na nini?"

"Nadhani malaria."

Madame Kaneza, msimamizi wangu, akaweka kalamu chini akafumba macho. Profesa Ndayikeza akakohoa.

"Mwajuma, mwanangu, mi nilikufa lini?"

Upande wa pili Profesa Niyungeko akaegemea mbele. "Na mimi je? We Ndayikeza, tulizikwa kaburi moja?"

"Kaburi moja na wewe? Apana, heri nibaki na malaria."

"Tena ungetaka tulazwe juu ya mchanga!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, yule wa Uvira akapangusa machozi kwa tai yake, na mimi nikabaki nimeshika meza kama mtu aliye ndani ya mtumbwi.

Madame Kaneza peke yake hakucheka. "Siku ya kutetea hupati," akasema, "mpaka hawa marehemu wawili wasome orodha yako pamoja, jina kwa jina, waniambie iko sawa."

Pamoja! Nikaenda kuwabembeleza mmoja mmoja, na mwishowe wakakutana sebuleni kwa Profesa Ndayikeza, mtaa wa Gihosha, mimi nimekaa katikati. Mwanzoni walipitia kwangu ("Mwajuma, mwambie mwenzako huyo, jina la huyu wa hapa ni Ndikumana"), kisha wakafika kwenye jina la mtu waliyesoma naye zamani, wakaanza kukumbushana alivyoogopa maji, na nikasahaulika kabisa. Chakula kilipoletwa walikuwa wanagombania mchanga tena, ila sasa uso kwa uso, wanapokezana pilipili.

Marejeo yakakubaliwa, nami nikatetea. Nimeapa sitakigusa tena kile kitufe, na kwako unayeanza nasema usiogope, kaa tu na majina yako moja moja, na usipojua mtu anaitwaje, muulize kabla hujamwua.

Makala ilipotoka, jarida liliniandika Saidi, M. Baba aliutia ukurasa ule plastiki, akautundika gereji juu ya matairi, na mteja akimuuliza, "Mzee Saidi, kumbe na mambo ya ndagala unajua?" anamjibu bila kugeuka, "Soma mwenyewe. Niko ndani."