Nyanya za Upande wa Soko

Baba yangu aliyachukia mahindi ya GMO, yale yaliyobadilishwa maabara, kuliko alivyomchukia shetani, na huyo shetani Baba alimchukia kila Jumapili kanisani, tena akiwa kiti cha mbele. Redio iliposema kwamba mbegu hizo huenda zikaruhusiwa nchini, alitangaza vita kwetu Mikinduri nzima. Alipigana kwenye baraza la chifu, kwenye foleni ya kusaga unga, hata kwenye mazishi, ambako marehemu alilazimika kusubiri hadi Baba amalize.

Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mwanamume akila mahindi yale ataota matiti. Aliisema mbele ya watu bila haya, mtu ambaye matiti yake mwenyewe, Mungu anisamehe, yalikuwa yameshaota bila msaada wa maabara yoyote.

"Mnataka kutufanya panya wa laboratori," alimwambia afisa wa kilimo, mwanamume mpole aliyekuja barazani na mabango yake. "Mahindi yenye mdudu mwenyewe amekataa, wewe unataka mjukuu wangu akule?"

Alipigiwa makofi. Hata mimi nilipiga. Lilikuwa swali zuri, na nimelifikiria sana tangu siku ile, kwa sababu mdudu aliyezifuata nyanya za Baba hakupewa nafasi ya kukataa. Alikufa akiwa bado safarini.

Shamba letu liko kwenye mteremko, na limegawanywa na mstari wa nyasi za nepia. Juu ya mstari, karibu na jikoni, kulikuwa na sukuma wiki, managu, vitunguu na mashina machache ya nyanya. Hapo tulipaita upande wa nyumbani. Chini ya mstari, kuteremka mpaka mtoni, zilikuwa nyanya tupu. Huo ulikuwa upande wa soko.

Upande wa nyumbani haukuwahi kuonja dawa. Ulikuwa chini ya Mama, aliyeolewa kutoka Mbeere, kule Embu kwenye ukame, na yeye alipambana na wadudu kwa jivu na matusi. Upande wa soko ulikuwa wa Baba na pampu yake ya mgongoni. Aliupiga dawa Jumatatu. Mvua ikinyesha Jumatano aliupiga tena, kwa sababu ile ya kwanza imeoshwa. Na akiona doa moja Ijumaa, wakati lori la broka, mnunuzi wetu, linakuja kesho yake, aliupiga mara ya tatu ili alale vizuri. Kibandiko cha chupa kilisema usivune mpaka wiki ipite. Baba alikisoma kibandiko kile kama watu wanavyosoma masharti ya mkopo: alitafuta kipimo cha kuchanganya, akaishia hapo.

"Broka hawezi ngoja wiki," alisema. "Na nyanya pia haingoji." Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Sheria ya nyumbani ilikuwa moja: upande wa soko hatuli. Haikuwa siri. Kila boma kwenye mteremko wetu lilikuwa na mstari wake, na hakuna aliyeona ajabu. Mara moja binamu yangu alitoka mjini kututembelea, akachuma nyanya chini ya nepia, akaipangusa kwenye sketi. Mama alimpiga kofi mkononi, nyanya ikaruka.

"Wacha hiyo! Hiyo ni ya watu!"

Tulicheka mpaka machozi. Mjinga gani asiyejua nyanya ya watu na nyanya ya kula?

Nilipoolewa nikahamia Kinoru, mjini Meru, ambako ninashona sare za shule. Kila Jumamosi Mama alinitumia mfuko kutoka upande wa nyumbani. Binti yangu alipoanza kula, alizifia zile nyanya. Alizila mbichi, maji yakimtiririka mpaka kwenye viwiko, na mimi nilijisifu kwa majirani kwamba mtoto wangu hajui dawa. Niliringa sana, wallahi, kama jirani yangu Mwislamu anavyosema.

Kisha goti la Mama likaharibika, na mfuko ukakoma. Nikaanza kununua soko la Makutano, kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na bucha. Siku moja nikaona kreti zenye msalaba wa rangi ya kijani ubavuni. Rangi ile ninaijua. Ilibaki tulipopaka lango letu, na Baba alichora msalaba kwenye kila kreti ili mabroka wasimwibie.

"Hizi ni za Mikinduri, dadangu," mwenye kibanda akaniambia. "Hizi haziharibiki. Unaweka wiki mbili, unazipata tu vile ziko."

Nilinunua nyingi, nikamwambia ni za kwetu, nikifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Za nyumbani, nilijiambia. Sitajitetea. Nilipalilia pande zote mbili za nepia tangu nikiwa na meno ya utoto. Nilijua vizuri sana msalaba wa kijani unatoka upande gani. Lakini kreti ilikuwa ya Baba, na moyo wangu uliishia hapo.

Mwezi huohuo Baba alikuja Meru kwenye mkutano wa wakulima wa kupinga GMO. Alitokea kwangu mchana akiwa amepoteza sauti kwa kupiga kelele, na mwenye njaa sana. Nilimpikia mukimo na nyama, nikakata bakuli zima la kachumbari. Binti yangu alipanda mapajani mwake, na wakawa wanakula pamoja, guka, yaani babu yake, kwa kijiko, mtoto kwa mkono.

"Hii kachumbari ni tamu," alisema Baba kwa sauti yake ya kukwaruza. "Umetoa wapi nyanya poa hivi?"

"Ni zako, Baba! Nilizipata Makutano, kwa kreti ya msalaba wa kijani."

Aliacha kutafuna.

"Ulinunua lini?"

"Jumamosi."

Nilimwona akihesabu siku kurudi nyuma kichwani, moja moja, mpaka siku ya pampu. Kisha akamshika binti yangu kidevu na kumkingia kiganja chini ya mdomo.

"Tema, mama. Temea guka hapa."

Mtoto akatema, akaanza kulia. Baba akainuka naye, akamwaga bakuli lote kwenye ndoo ya takataka, akalisuuza kwa sabuni, akalisuuza tena. Alimpangusa mtoto ulimi kwa kitambaa chake cha kanisani. Aliporudi kuketi, sahani yangu ilikuwa mbele yangu, imejaa kachumbari ileile. Aliitazama. Akatazama dirisha.

"Na mimi, Baba?"

Alimpakata mtoto tena.

"Wewe ulishazoea," alisema.

Nilicheka kwanza. Kisha hasira ikanipanda. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyekuwa panya sasa, lakini alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani kwa hofu nisiyowahi kuiona kwake, nikaiondoa sahani yangu mezani. Aliondoka bila kumaliza mukimo.

Jumamosi iliyofuata dereva wa matatu ya kutoka Mikinduri alinipigia simu niende stejini. Kulikuwa na mfuko wangu. Ndani yake zilikuwa nyanya za upande wa nyumbani, ndogo, zilizopinda, zimetobolewa na wadudu, na karatasi yenye mwandiko wa Baba: "Za mtoto." Haikutaja mtu mwingine.

Nilipokuwa ninarudi nilipita kwenye kile kibanda kuchukua vitunguu. Kreti za msalaba wa kijani zilikuwa zimeshushwa asubuhi hiyo, nyanya zinang'aa, hakuna hata moja yenye doa.

"Leo hubebi za kwenu?" mwenye kibanda akaniuliza.

"Nimetumiwa za nyumbani."

"Bahati yako." Alichagua moja iliyoiva, akaipangusa kwa leso, akaiuma kama embe. Hakuwa amekula tangu asubuhi, alisema.

Nilijua la kumwambia. Nilisimama pale na mfuko wangu, aibu ikinichoma masikio, nikafikiria Baba, na goti la Mama, na lori la broka. Nikamtakia siku njema, nikaenda kumlisha mwanangu.